Kwa Nini Boma ni Duara

12 Desemba 2010, nyumbani Enguserosambu

Leo tumeziba ua. Juzi usiku fisi alipenya upande wa magharibi akajeruhi mbuzi, kwa hiyo tangu alfajiri wanaume wanakata miiba na sisi tunaikokota. Ukungu umeondoka saa nne. Mikono imechanika lakini kalamu naishika.

Daftari hili la kaunta nimepewa na mwalimu wa hisabati kwa kuwa wa kwanza kidato cha kwanza. Alisema niandike humu maswali, si majibu. Nitaandika kwa Kiswahili. Kimaasai nakiongea tu, sijawahi kukiandika, na Kiingereza bado hakinitoshi.

Swali la kwanza nimelipata leoleo. Kwa nini boma ni duara?

Ng'ombe kwetu hawahesabiwi kwa sauti. Papa husimama langoni jioni na anajua nani hajarudi, kwa rangi, kwa pembe, kwa nani hutembea nyuma ya nani. Lakini miiba hakuna aliyekataza isihesabiwe. Zizi la katikati lina mzingo wa hatua zangu 100. Nikakaa kivulini nikapiga hesabu kwa zile kanuni za mwaka huu. Kama tungelijenga mstatili wa 40 kwa 10, eneo ni 400. Wa 30 kwa 20, ni 600. Mraba wa 25 kwa 25, ni 625. Duara lenye mzingo wa 100, ukichukua pai ni 22 kwa 7, nusu kipenyo chake ni karibu 15.9, na eneo ni 795! Miiba ileile, hatua 170 za mraba za bure.

Nilikimbia kwa bibi yangu, Koko. Nikamwuliza nani aliwafundisha wazee kwamba duara linabeba zaidi. Akanitazama, akaendelea na shanga zake. Akasema, "Wewe hujawahi kulala na ndama."

Sikumwelewa.

9 Julai 2012

Nimepata 34 kwenye mtihani wa hisabati. Nyuma ya daftari la shule nina kanuni 41, nimezikariri kama majina ya marika. Swali lililoniangusha lilikuwa la ngazi iliyoegemea ukuta. Hesabu yenyewe ni 3, 4, 5, ya Pythagoras, ningeifanya hata gizani. Nilikwama kwenye neno la Kiingereza la kuegemea. Nikadhani ngazi imelala chini.

Sina swali la kuandika leo.

18 Aprili 2015, bwenini

Lazima niandike haya kabla taa hazijazimwa.

Tulikuwa tunafungua mabano, kazi ya kuchosha, swali la 1 hadi la 30. Nikiwa kwenye la 17 nikaona kwamba (a + b)² ukiitoa (a − b)² kinachobaki ni 4ab. Hilo liko kwenye kitabu, si jipya. Lakini ab ni eneo! Na a + b ni nusu ya mzingo! Nikaacha zoezi nikarudi kwenye zizi.

Mzingo ni 100, kwa hiyo a + b ni 50 siku zote, na mraba wake ni 2500. Basi 4ab ni 2500 kutoa (a − b)². Gawa kwa 4. Eneo ni 625 kutoa robo ya mraba wa tofauti ya pande. Nikapima kwa hesabu za 2010. Pande 30 na 20, tofauti ni 10, mraba wake 100, robo yake 25, na 625 kutoa 25 ni 600. Pande 40 na 10, tofauti ni 30, mraba wake 900, robo yake 225, inabaki 400. Ni zilezile nilizozipata nikiwa na miiba mikononi.

Mraba wa namba hauwi hasi kamwe. Kwa hiyo unachokitoa hakiwezi kukuongezea. Hakuna mstatili wa mzingo huo utakaozidi 625, na anayefika 625 ni yule tu ambaye pande zake hazitofautiani.

Nimekaa kitandani naangalia mstari huu mmoja. Zaidi ya miaka minne iliyopita nilijaribu mistatili mitatu nikatangaza mshindi. Kama mtu angeniuliza habari ya 25.3 kwa 24.7, ningeikokotoa, na ya 25.01 ningeikokotoa, na tungeendelea hivyo hadi mvua zinyeshe. Sasa nimejibu mistatili yote, hata ile ambayo hakuna mtu atakayeichora. Sikujua kwamba jambo kama hilo linaruhusiwa. Nilidhani hisabati ni kupata jibu la swali ulilopewa.

Duara bado. Hapa nimewashinda wenye pembe nne tu, tena pembe mraba. Mbona pana maumbo mengine, yenye pembe saba, yaliyopinda kama maharage, na yasiyo na jina?

6 Februari 2017, chuoni Mlimani, Dar es Salaam

Jaribio la kwanza la muhula: 7 kwa 20. Nusu ya darasa wako hapo au chini, lakini hilo halinipunguzii. Joto la huku linanyima usingizi, na usingizi ukija naota epsiloni.

Nimetumia siku 4 kwenye ukurasa mmoja, ule wa maana ya kikomo. Kwa kila epsiloni kuna delta. Maneno yote nayajua, sentensi siielewi. Leo alasiri, chini ya mti nyuma ya bweni, nimeacha alama zote nikajiuliza ningemwambiaje mama yangu, Yeyo.

Kila ndama ana mama. Hiyo ni kweli, hata Yeyo hatabisha. Sasa geuza: kuna mama mmoja ambaye kila ndama ni wake. Hiyo ni uongo mtupu, na maneno ni yaleyale! Kila na kuna vimebadilishana nafasi, basi. Anayetajwa kwanza ndiye anayemfunga anayefuata.

Nikarudi kwenye ukurasa. Ni kama mnadani. Mpinzani wangu ndiye anayetaja kwanza: anataja kosa dogo atakalolivumilia, dogo kadiri anavyotaka. Mimi ndipo nijibu kwa umbali ambao ndani yake kosa hilo halitapitwa. Akitaja dogo zaidi, nami nina haki ya kubadili jibu langu. Kwenye jaribio nilikuwa nataja bei yangu kabla ya yeye kufungua mdomo.

Nafikiri watu wengi hapa wanashindwa somo hili kwa sababu ya maneno mawili madogo, na hakuna anayeyaonea umuhimu kwa kuwa ni madogo. Kila. Kuna. Mtoto wa miaka minne anayatumia.

23 Oktoba 2017

Kwenye maelezo ya kozi mpya pameandikwa kwamba hakuna somo la lazima la kutangulia, ila mwanafunzi awe na ukomavu wa kihisabati. Nimemwuliza mhadhiri ukomavu huo unapimwaje. Akafikiri, kwa kweli alifikiri, akasema, "Ukiwa nao utajua ulikuwa huna."

Kwetu kukomaa kuna siku yake. Moran ananyolewa nywele, watu wanakusanyika, na tangu kesho yake hakuna anayemwita jina la jana. Huku hakuna anayekunyoa. Nilivuka kitu fulani usiku ule wa Aprili 2015, na asubuhi yake nilikwenda kupanga foleni ya uji kama kawaida.

11 Novemba 2018

Nimelipata jibu la duara. Au nadhani nimelipata. Ni la Jakob Steiner, Mswisi, aliyezaliwa mwaka 1796 katika kijiji cha Utzenstorf. Alikuwa mtoto wa wakulima. Hakujua kuandika hadi umri wa miaka 14, na alipofika 18 akaondoka nyumbani, wazazi wasipende, akaenda kusoma kwenye shule ya Pestalozzi. Nilisoma sentensi hizo mara mbili. Nina binamu wawili waliotoka kuchunga wakiwa na umri huo na kila mtu akasema wamechelewa.

Uthibitisho wake naweza kuueleza kwa kamba na vijiti, na nitauandika hivyo ili nisiusahau.

Tuseme una boma ambalo si duara, na mtu anadai ndilo linalobeba zaidi kwa miiba hiyo. Kwanza, kama ua umebonyea ndani mahali, ugeuze ubonyeo utoke nje. Miiba ni ileile, eneo limeongezeka, na mdai ameshindwa. Basi halina ubonyeo. Pili, tafuta alama mbili uani zinazogawa miiba nusu kwa nusu, uvute kamba kati yake. Kama upande mmoja una eneo kubwa kuliko mwingine, tupa ule mdogo, weka mahali pake picha ya ule mkubwa kama ionekanavyo majini. Miiba ni ileile, eneo limezidi. Basi pande mbili ziko sawa, na inatosha kutazama nusu moja.

La tatu ndilo lililonifanya nisimame. Kwenye ile nusu, chagua mwiba wowote uani. Funga kamba kutoka hapo hadi ncha mbili za kamba kuu. Umepata pembetatu, na pembeni mwake vipande viwili vya mviringo kama vipande vya tikiti. Vifanye vipande hivyo viwe vigumu kama mbao, na pale kwenye mwiba weka bawaba. Sasa fungua na funga. Vipande vya tikiti havibadiliki, kinachobadilika ni pembetatu peke yake, na pembetatu yenye pande mbili zilizokwisha kupangwa hubeba zaidi pale pande hizo zinapokutana kwa pembe mraba. Kwa hiyo kama mwiba wako haukukaa kwenye pembe mraba, fungua bawaba kidogo au funga kidogo, ushinde. Anayetaka asishindwe lazima awe na pembe mraba kwenye kila mwiba, na ua wa namna hiyo ni nusu duara tu.

Kila boma lisilo duara linaboreshwa. Kwa hiyo duara ndilo bora. Miaka minane!

20 Novemba 2018

Niliuwasilisha leo mbele ya darasa. Wenzangu wamepiga makofi. Mhadhiri alikaa kimya, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa: "Nani amekwambia lililo bora lipo?"

Sikuwa na jibu. Hata swali lenyewe sikuliona.

29 Novemba 2018

Maktaba mpya imefunguliwa rasmi juzi na nimeshinda humo. Siku tisa nimembeba Steiner mgongoni.

Sasa nimeona. Alichothibitisha ni kwamba kila umbo lisilo duara linaweza kupitwa. Kutoka hapo hadi kusema duara halipitwi, pana korongo. Mjerumani Oskar Perron alilionyesha kwa mfano ambao umenitoa jasho. Chukua namba nzima zinazoanzia 1. Nani mkubwa kuliko wote? Kila namba isiyo 1 inaweza kuboreshwa, kwa kuipigia kipeo cha pili: 2 inakuwa 4, 5 inakuwa 25. Namba pekee isiyoboreshwa hivyo ni 1. Kwa hiyo 1 ndiyo namba kubwa kuliko zote.

Ni hoja ileile, hatua kwa hatua! Kosa ni moja: ulianza kwa kuamini kwamba kubwa kuliko zote ipo. Haipo. Kwenye mashindano yasiyo na mshindi, ukimwondoa kila anayeshindwa utabaki na yeyote tu na kumvika taji.

Kwa kazi za kila siku hoja ya Steiner ilitosha, na duara kweli ndilo jibu. Lakini aliyeziba korongo ni Karl Weierstrass, katika mihadhara yake ya Berlin miaka ya 1870, Steiner akiwa amekwisha kufa. Na huyu Weierstrass, kabla ya Berlin, alikuwa mwalimu wa sekondari kwenye miji midogo kwa zaidi ya miaka 10. Alifundisha hadi mwandiko na mazoezi ya viungo. Usiku akiandika hisabati ambayo hapakuwa na mtu wa kumsomea. Mwaka 1854 akachapisha makala, na Ulaya ikauliza huyu ni nani.

Berlin hiyohiyo ndiko Verdiana Masanja alikokwenda kuchukua udaktari wake, Mtanzania wa kwanza mwanamke kuwa na shahada hiyo katika hisabati, mtaalamu wa mwendo wa vimiminika. Akarudi kufundisha hapa Mlimani. Nafikiria wote watatu, mtoto wa shamba, mwalimu wa sekondari na mama huyu, wakipita kwenye mji mmoja.

Nimetambua jambo kuhusu nafsi yangu wiki hii. Mwaka 2012 swali nisilolijua lilinifanya nifunge daftari. Siku tisa hizi sikuwa na jibu, na nilikuwa nakula vizuri.

30 Agosti 2019, ndani ya basi, Arusha kwenda Loliondo

Nimemaliza chuo, narudi nyumbani na begi moja la nguo na mawili ya vitabu. Tiketi imeandikwa 6:00, kondakta anatangaza saa kumi na mbili, na Mzungu wa kiti cha mbele anauliza aongeze sita au apunguze sita. Nimemjibu vyovyote, ni sawa. Hakuamini.

Mimi mwenyewe tangu darasa la pili sijawahi kujiuliza kwa nini ni sawa. Tumetofautiana kwa saa 6, na saa ina 12. Sita na sita ni kumi na mbili, na kumi na mbili kwenye saa ni kurudi ulipoanza. Kwa hiyo kwenda mbele sita na kurudi nyuma sita vinakufikisha mahali pamoja. Ingekuwa tofauti ni saa 5, kila Mswahili angelazimika kukumbuka aongeze lini na apunguze lini, na tungekosa mabasi mengi. Nilisoma makundi ya namba kwa mwaka mzima, na mfano ulikuwa mkononi mwangu, kwenye saa ya Papa.

Vumbi la Ziwa Natron linaingia dirishani. Mlima Lengai uko wazi leo, hauna wingu.

15 Machi 2022

Mwaka wa pili wa kufundisha. Nimefanya kosa ambalo halitaniacha nilale, kwa hiyo naandika.

Kidato cha kwanza, namba hasi. Nikaandika ubaoni: hasi mara hasi ni chanya. Binti mmoja wa mstari wa nyuma, mtulivu, akanyoosha mkono. "Madam, kwa nini?" Nilikuwa na vipindi vitatu mbele yangu na koo limekauka. Nikasema, "Ni kanuni. Andika."

Akaandika. Nilimwona mkono ukishuka na nilijua kilichoshuka si mkono peke yake.

Nchi hii inamjua Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa sekondari ya Magamba, alitengeneza aiskrimu, akaweka kwenye friji maziwa ya moto bila kungoja yapoe, na yakaganda kabla ya yale ambayo hayakuchemshwa. Akauliza kwa nini. Wakamcheka. Akaendelea kuuliza hadi alipokuwa Mkwawa, akamwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, naye akarudi kwenye maabara akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo kwa jina la Mpemba. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari zake. Leo nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

16 Machi 2022

Nimeingia darasani nikasema, "Jana niliulizwa swali zuri nikalijibu vibaya." Wakanyamaza kabisa.

Tukaanza na deni. Kisha nikaandika hasi 3 mara sifuri, wakasema sifuri. Nikaivunja ile sifuri: 4 na hasi 4. Basi hasi 3 mara mabano yenye 4 na hasi 4 ni sifuri bado. Fungua mabano. Hasi 3 mara 4 ni hasi 12, hilo wanalijua, ni deni la tatu mara nne. Na hasi 3 mara hasi 4 ni kitu ambacho hatukijui. Lakini hicho kitu ukikijumlisha na hasi 12 lazima upate sifuri. "Ni ngapi?" Darasa zima: kumi na mbili!

Yule binti hakupiga kelele. Alingoja wenzake watoke. Akaniuliza, "Na mabano, madam? Nani alisema lazima yafunguke hivyo hata kwa hasi?"

Nimetembea nyumbani kupitia ukingo wa msitu, na mtarakwa unanukia baada ya mvua. Swali hilo mimi niliulizwa mwaka wa pili wa chuo.

2 Februari 2024

Matokeo ya kidato cha nne yametoka wiki iliyopita. Sitaandika ya kwetu humu. Kitaifa, kwa miaka mingi karibu wanafunzi wanne kati ya watano wamekuwa wakishindwa hisabati, na kila mwaka tunaambiana watoto ni wavivu au somo ni gumu. Mimi sikubali.

Mtoto wa hapa anahesabu kwa Kimaasai na kwa vidole pamoja. Tomon, na mkono unasema kumi. Tikitam, ishirini. Ana alama ya mkono kwa kila namba, na mtu aliye mbali asikosikia anaiona. Akifika darasa la kwanza anaanza upya kwa Kiswahili, anapanda nacho miaka saba hadi anajua namba tasa, shufwa na witiri, kipeuo, riba, MAGAZIJUTO. Kisha kidato cha kwanza tunamwambia yote hayo yana majina mengine, kwa Kiingereza, na mtihani hautamngoja. Na bado nikimpa swali la kufikiri kwa lugha yake anafikiri. Nimewauliza kidato cha pili: boma la wake wengi, mke mkubwa hujenga kulia mwa lango, wa pili kushoto, wa tatu kulia, endelea. Mke wa 17 yuko wapi? Walicheka kwanza, nani ana wake 17, halafu ndani ya nusu dakika wakawa wamenipa sheria: witiri kulia, shufwa kushoto. Mmoja akaongeza kwamba nyumba za kulia zitakuwa sawa na za kushoto au zitazidi kwa moja, hazitapungua kamwe. Sikumwuliza hilo.

Huyo kwenye karatasi ya mtihani anapata F.

Kinachoniuma zaidi ni muda. Kutoka kwenye mistatili yangu mitatu hadi kwenye ule mstari mmoja wa bwenini ilinichukua zaidi ya miaka minne, na katikati yake kulikuwa na 34. Mtu angenitazama mwaka 2012 angesema huyu basi. Tunapima kila baada ya miezi mitatu kitu kinachoota kwa miaka.

22 Juni 2024, nyumbani

Koko haoni vizuri tena. Nimekaa naye kutwa. Nimemkumbusha lile swali, na kwa mara ya kwanza nimemwambia jibu langu lote: mzingo, eneo, Steiner, hata habari ya ngozi ya ng'ombe. Hiyo aliipenda. Yule malkia Dido wa Kartago, Tunisia ya leo, ambaye kwa mapokeo ya kale aliruhusiwa kuchukua ardhi itakayotosha ngozi moja ya ng'ombe, akaikata ngozi ukanda mwembamba sana, akazungushia kilima kizima. "Huyo alikuwa na akili za kwetu," Koko akasema.

Kisha nikamwuliza, na ndama je?

Akanieleza polepole. Usiku simba akinguruma, ng'ombe hushtuka wote kwa pamoja, na ng'ombe aliyeshtuka hukimbia hadi azuiwe na ua. Ua ukiwa na kona, wa mbele wanaingia kwenye kona, wa nyuma wanasukuma, na asubuhi unakuta ndama chini, amekanyagwa. Ua usio na kona, wanazunguka na kuzunguka hadi wachoke. Yeye alipokuwa msichana alilala na ndama kwenye boma la muda lililojengwa kwa haraka, na lilikuwa na kona.

Miaka 14 nilikuwa na jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyeliuliza hapa. Si kwamba hesabu yangu ni mbaya. Duara linabeba zaidi, hilo halibadiliki. Lakini nilidhani nimegundua sababu ya wazee, na wala sikurudi kumsikiliza aliyenijibu siku ileile.

3 Julai 2024

Nimewapa kidato cha tatu swali la zizi, miiba 100, na nikawaambia duara ndilo bora, uthibitisho utakuja wakikua. Yule binti wa mabano amenyoosha mkono. "Kwetu boma limeegemea mwamba. Upande mmoja hatuweki miiba. Hapo je?"

Nilijua jibu. Nikauma ulimi. Nikamwambia aende nalo.

5 Julai 2024

Amekuja kabla ya kengele, na daftari na kipande cha kioo cha kujitazamia, cha mama yake nadhani.

Amechora mstari, huo mwamba. Juu yake amechora maboma manne ya maumbo tofauti. Akasimamisha kioo kwenye mstari. Boma na picha yake kiooni vikawa kitu kimoja. "Miiba inakuwa 200, madam, yangu na ya kiooni. Na ulisema kwa 200 bora ni duara. Kwa hiyo langu ni nusu duara." Alikuwa amekokotoa eneo pia: 1591 na ushei, mara mbili kamili ya lile lisilo na mwamba. Sikuwa nimemwomba.

Nikamwuliza kama ana hakika kuhusu la tatu, ambalo lilipinda vizuri na lilikaribia sana nusu duara. Akakirudisha kioo, akakisogeza taratibu hadi kikakaa sawasawa kwenye mstari. Pale ua ulipougusa mwamba kwa kulala kidogo, picha ilikutana nao kwa ncha.

Akaweka kidole hapo. "Kona," akasema. "Hili bado."